Shirika la kuisaidia kampasi ya chuo kikuu cha umma hapa Lamu: lisajiliwe vipi, na nani ashike kalamu ya benki?

MtuWaLangoni aliuliza:

Assalaam aleikum jamaa. Nauliza kwa niaba ya kamati ya watu 14: wahitimu, wazazi na wafanyabiashara wawili wa hapa mjini. Kampasi ya chuo kikuu cha umma iliyoko kwetu ina wanafunzi kama 180. Masomo yanaendelea, lakini yanayoyazunguka masomo yamelegea. Hakuna pa kula karibu, wanaotoka Faza, Siyu na Kizingitini hawana pa kulala, na kila muhula wapo wanaozuiwa kuingia mtihani kwa salio la karo.

Tunataka kuunda shirika lisilo la faida, liwe nje ya chuo lakini kazi yake iwe kukitumikia chuo. Shughuli ni tatu: basari, kantini ndani ya uwanja wa kampasi, na hosteli ya vitanda 40 katika nyumba ya kupanga mtaa wa Langoni. Tumeshachanga shilingi 640,000. Kwa sasa ziko benki kwenye akaunti ya mweka hazina, kwa jina lake mwenyewe.

Maswali yetu:

1. Tusajili kitu gani? Chama, kampuni, au nini?
2. Bodi iwe ya kina nani? Wanafunzi waingie?
3. Mkurugenzi wa kampasi amejitolea kuwa mtia sahihi wa akaunti. Ni sawa?
4. Kantini, hosteli na basari ziwe shirika moja au tatu?

Tumeambiwa Marekani vyuo vya umma vina mashirika ya namna hii tangu zamani. Mwenye kujua yanavyokwenda atueleze.

---

Bi_Mkomani alijibu:

Waaleikum salaam kaka. Naanza na swali la tatu kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Mkurugenzi wa kampasi asitie sahihi kwenye akaunti yenu. Apewe kiti kwenye bodi na asomewe hesabu kila robo mwaka, lakini kalamu ya benki asiishike. Mtumishi wa chuo akianza kutoa fedha za shirika, shirika limeshageuka akaunti ya pembeni ya chuo. Fedha za chuo cha umma ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 na hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Akikuta akaunti ambayo mtumishi wa umma anaitolea fedha na haimo katika vitabu vya chuo, mtapata taabu nyinyi na atapata taabu yeye, hata kama hakuna shilingi iliyopotea.

Sasa usajili. Chama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, huanzia watu 10, na nyinyi mko 14, kwa hiyo kinawezekana. Ubaya wake ni kwamba chama si mtu mbele ya sheria. Mkataba wa nyumba ya Langoni utaandikwa kwa majina ya viongozi, na kodi ikilala, viongozi hao ndio watakaodaiwa. Kwa basari peke yake chama kingetosha. Kwa hosteli na kantini, hapana.

Kinachowafaa ni kampuni yenye ukomo wa dhamana, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015. Haina hisa na haigawi faida. Kila mwanachama huahidi kiasi kidogo, tuseme shilingi 1,000, ambacho atakilipa kampuni ikivunjwa ikiwa na madeni. Inamiliki mali, inapanga nyumba, inaajiri na inashtaki kwa jina lake. Usajili ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: mnahifadhi jina kwanza, kisha mnapeleka waraka wa kuunda kampuni, kanuni za ndani, na vitambulisho na pini za KRA (mamlaka ya kodi) za wakurugenzi. Jina lililohifadhiwa hudumu siku 30, basi msilihifadhi kabla ya kanuni kuwa tayari. Mkitaka jina la chuo liwemo katika jina la shirika, pateni kwanza barua ya idhini kutoka makao makuu ya chuo.

Njia nyingine ni kusajiliwa kama shirika la manufaa ya umma. Sheria yake ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali (NGO) ya 1990. Kama mnatarajia wafadhili wa nje, hiyo ndiyo wanayoiulizia. Kama fedha zenu ni za michango ya nyumbani na mauzo ya kantini, anzeni na kampuni ya dhamana.

Katika kanuni, vifungu viwili visikosekane wala visiandikwe kwa lugha ya kuzungukazunguka. Cha kwanza: hakuna mwanachama wala mkurugenzi atakayegawiwa ziada kwa njia yoyote. Cha pili: shirika likivunjwa, mali inayobaki itakwenda kwa taasisi nyingine ya elimu isiyo ya faida, haitarudi kwa wanachama. KRA wakiombwa msamaha wa kodi huvitafuta hivyo viwili.

Kuhusu Marekani, mfano unaosomeka vizuri ni wa California State University. Kila kampasi ina mashirika saidizi yake, na Sheria ya Elimu ya jimbo inayataja kuanzia kifungu cha 89900. Kuna yanayoendesha maduka ya vitabu na migahawa, kuna ya vyama vya wanafunzi, kuna yanayoshika fedha za utafiti, na kuna ya kupokea na kutunza michango. Kila moja ni shirika lisilo la faida lenye bodi yake, watumishi wake na vitabu vyake. Kinacholifunga kwa chuo ni mkataba wa maandishi unaotaja kazi linazoruhusiwa kufanya. Bodini hukaa viongozi wa chuo, walimu, wanafunzi na watu wa nje. Hesabu hukaguliwa kila mwaka na mkaguzi wa nje, na mkuu wa kampasi ana wajibu wa kuhakikisha shirika halitoki nje ya sera za chuo. Shirika hutumia majengo na huduma za chuo, na huzilipia.

Lakini na wao waliteleza. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba shirika saidizi la kampasi ya Fresno halihesabiwi kuwa ofisi ya serikali kwa sheria ya kumbukumbu za umma, kwa hiyo gazeti lililotaka majina ya waliokodi vyumba vya kifahari katika ukumbi wa michezo halikuweza kulilazimisha shirika lenyewe kwa sheria hiyo. Mwaka 2010 likaja la kampasi ya Stanislaus, ambako shirika la kuchangisha fedha lilimwalika mwanasiasa Sarah Palin kuhutubia na masharti ya mkataba wake yakafichwa. Kelele za hapo zilichangia kuzaa sheria ya 2011 yenye jina la Richard McKee, inayoyataka mashirika hayo yatoe kumbukumbu zao kwa umma. Hapa kwetu kuna Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Msingoje kuulizwa. Bandikeni hesabu kwenye ubao wa kampasi kila muhula, kwa Kiswahili, zisomeke.

Bodi: ningeweka watu 9. Wawili wa utawala wa chuo, mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, wahitimu wawili, na watatu wa mjini na visiwani ambao hawana biashara yoyote na shirika. Akidi 5. Muhula miaka 3, na theluthi waondoke kila mwaka ili msibadilishe wote kwa siku moja. Wanawake wasipungue 3. Mwanafunzi achaguliwe na wenzake, asiteuliwe na mkurugenzi.

Na hizo 640,000 zihamishwe kutoka akaunti ya mtu mmoja kwenda akaunti ya shirika mara tu mtakapopata cheti cha usajili. Mpaka siku hiyo, andikeni muhtasari wa kikao unaotaja kila mchangaji na kiasi chake, mweka hazina atie sahihi kwamba amezishika kwa amana, na nakala wapewe wote 14. Binadamu hufa, na akaunti ya marehemu huingia kwenye mirathi.

---

KaraniMstaafu alijibu:

Bi Mkomani amemaliza upande wa shirika. Niongeze upande wa chuo, maana huko ndiko mikataba mingi inakovunjikia.

Kampasi si chuo. Kampasi ni tawi. Aliye mtu mbele ya sheria ni chuo kikuu chenyewe chini ya hati yake na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na anayekisemea katika mambo ya mali ni Baraza la Chuo. Mkurugenzi wa kampasi anaweza kuwa mtu mwema kabisa na akawapa barua yenye muhuri, lakini akihamishwa, barua ile haimfungi anayekuja. Basi ombi lipelekwe kwa Makamu wa Chansela kupitia kwa mkurugenzi, lijadiliwe na ofisi ya sheria ya chuo, kisha Baraza liidhinishe. Ombeni nakala ya azimio la Baraza, siyo barua ya kusema kwamba azimio lipo. Jiandaeni kungoja: Baraza halikutani kila wiki, na ajenda hufungwa mapema. Ombi linalofika limekamilika, likiwa na rasimu ya mkataba, kanuni za shirika, ramani ya eneo mnalotaka na bajeti ya miaka 3, hupita kikao cha kwanza. Lisilokamilika hurudishwa, mkangoja kikao kingine.

Mkataba utaje mambo haya bila kuacha pengo. Eneo, kwa mita za mraba na kwa mchoro. Nani analipa maji na umeme, na mita iwe ya peke yake. Mita ya pamoja ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi. Muda, usipungue miaka 5, na notisi ya miezi 6 kwa kila upande. Haki ya chuo kuona vitabu. Bima ya moto na ya kumlipa mtu aliyeumia. Watumishi ni wa shirika, chuo hakiwadai wala hakidaiwi nao. Matumizi ya jina na nembo.

Na jambo hili liandikeni kwa wino mzito: kilichojengwa juu ya ardhi ya mtu ni mali ya mwenye ardhi. Mkijenga jiko la matofali ndani ya uwanja wa chuo, siku mnaondoka mnaliacha. Kwa hiyo gawanyeni vitu katika orodha mbili zilizoambatishwa: vilivyoshikana na jengo, ambavyo ni vya chuo, na vinavyohamishika, kama majokofu, majiko ya gesi, meza na sufuria, ambavyo ni vya shirika. Kila kitu kiandikwe nambari. Kama mtatia fedha nyingi kwenye jengo, muda wa mkataba uwe mrefu wa kutosha kuzirudisha, au kodi ipunguzwe kwa kiasi kile.

Ada. Msikubali chuo kiwakusanyie ada ndani ya karo kisha kiwapelekee. Ada inayotozwa na chuo cha umma ni fedha ya umma, na ikishatoka kwenda kwa shirika la nje kila senti itahojiwa. California chama cha wanafunzi kinaweza kutoza ada, lakini lazima kwanza wanafunzi wapige kura na theluthi mbili ya waliopiga wakubali. Sisi hatuna utaratibu huo. Uzeni chakula na vitanda, na ombeni michango.

Na kama chuo kitataka kununua huduma kwenu, tuseme chakula cha semina, hamna njia ya mkato. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inawahusu kama muuzaji mwingine yeyote, na wale wajumbe wenu wawili wanaotoka chuoni wasikae kwenye kamati ya kutathmini zabuni hiyo.

---

HesabuMalindi alijibu:

Salamu kutoka Malindi. Swali la nne: shirika moja, vitabu vitatu. Kusajili mashirika matatu ni kulipia ukaguzi mara tatu na kutafuta wakurugenzi 27, na kwa kampasi ya wanafunzi 180 hamtawapata. Lakini akaunti za benki ziwe tatu, na fedha zisivuke kutoka moja kwenda nyingine bila azimio la bodi. Kinachoziua taasisi za namna hii ni kukopa basari ili kununua mchele. Kantini inapungukiwa mwezi wa Aprili, mhasibu anachukua kidogo kwenye basari kwa nia ya kurudisha, Mei inapungukiwa tena, na Septemba kijana wa Kizingitini anaambiwa fedha hakuna.

Watia sahihi watatu, wawili kati yao watoshe, na mwenyekiti na mweka hazina wasiwe ndugu. Anayeandika vocha asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayepeleka fedha benki. Mkiwa na mtumishi mmoja tu wa ofisi, basi mjumbe wa bodi afungue taarifa ya benki na kuilinganisha na daftari kila mwezi, kabla ya tarehe 10. Malipo ya kantini yapite kwenye nambari ya malipo ya M-Pesa iliyo kwa jina la shirika, kamwe isiwe simu ya mpishi.

Kodi. Shirika la elimu au la kuwaondolea watu umaskini linaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato. Kanuni mpya za misamaha hiyo zilitoka 2024, zisomeni hizo, si za zamani. Cheti hudumu miaka 5 na huombwa upya. Kabla hamjakipata, ziada yenu inatozwa kodi. Na mkishakipata, ritani ya kila mwaka, yaani fomu ya mapato kwa KRA, mnaijaza vilevile. Wengi huacha kujaza wakidhani msamaha umewatoa, kisha wanakuta faini.

Msamaha huo haugusi kodi nyingine. Mauzo yanayotozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, lazima mjisajili na mtoze asilimia 16, na ritani huwa tayari kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Watumishi wanakatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, na asilimia 1.5 ya nyumba, ambayo mwajiri naye huongeza asilimia 1.5 yake. PAYE ni kufikia tarehe 9. Ankara zitoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na mnaponunua dai ankara ya eTIMS. Mvuvi wa pwani hatakuwa nayo, basi muulizeni mkaguzi wenu mapema utaratibu wa kuandikisha ununuzi wa wazalishaji wadogo, msingoje mwisho wa mwaka.

Akiba: kabla ya kupanua chochote, wekeni gharama za miezi 3 za kantini na hosteli pembeni. Kampasi ikifungwa ghafla, mishahara na kodi ya nyumba havifungwi.

---

JikoLaShela alijibu:

Niseme ya sufuria na vitanda, maana huko ndiko fedha inakotoka au kuzama.

Hosteli. Kosa la hesabu ambalo kila mtu hulifanya ni kugawa gharama kwa vitanda vyote na miezi yote. Tuseme, kwa mfano, nyumba ni 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, na maji, umeme, mlinzi, usafi na matengenezo ni 480,000. Jumla 1,200,000. Ukigawa kwa vitanda 40 na miezi 12 unapata 2,500 kwa kitanda, na unatangaza bei hiyo kwa furaha. Lakini wanafunzi wapo kama miezi 8, na vitanda havijai vyote, chukua 34. Vitanda 34 kwa miezi 8 ni 272. Ukigawa 1,200,000 kwa 272 unapata kama 4,412. Hiyo ndiyo bei ya kutopata hasara, na tofauti ya karibu 1,900 kwa kitanda ndiyo inayofunga hosteli mwaka wa pili. Mna njia ya kuipunguza: miezi ya likizo, na hasa wiki ya Maulidi ambapo mji hujaa wageni, pangisheni vyumba kwa wageni kwa bei ya soko. Liandikwe kwenye mkataba wa mwanafunzi tangu mwanzo kwamba kitanda ni chake kwa muhula, si kwa mwaka.

Maji: lita 50 kwa mtu kwa siku. Watu 40 ni lita 2,000, na akiba ya siku mbili ni 4,000, kwa hiyo tangi la 5,000. Tangi hilo likijaa lina tani 5. Nyumba za kale za Langoni na Mkomani zina kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti. Msilipandishe juu ya dari hizo hata fundi akiapa. Tangi kubwa likae chini, pampu ipandishe kwenye kitangi cha lita 500 kilichokaa juu ya makutano ya kuta nene, siyo katikati ya chumba. Kama ni kisima chenye chumvichumvi, bomba ziwe za plastiki. Za chuma huliwa.

Vyumba vile ni vyembamba, maana upana wake ni wa urefu wa boriti, kama mita 2.5 hadi 3. Pimeni kabla ya kuagiza vitanda vya ghorofa, na muache njia ya kutokea moto ukiwaka usiku. Plasta iwe ya chokaa. Saruji huzuia ukuta kupumua, unyevu wa chumvi hukaa ndani, na baada ya mwaka plasta inabanduka vipandevipande. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kuvunja au kuongeza chochote pitieni kwa watu wa Makumbusho ya Taifa.

Kantini. Pimeni sahani. Wali wa kushiba ni gramu 125 za mchele mkavu, yaani kilo inatoa sahani 8. Maharagwe makavu gramu 70. Nazi moja nzuri yatosha sahani 6. Kwa bei za mfano: mchele wa 200 kwa kilo ni shilingi 25 kwa sahani, maharagwe ya 160 ni kama 11, nazi ya 50 ni kama 8, kitunguu, nyanya, mafuta na chumvi 10, gesi 6. Hiyo ni 60. Ukiuza 100, inabaki 40 ya mishahara, kuvukisha mizigo, vyombo kuvunjika na akiba. Ukiuza 80 kwa huruma, inabaki 20, na haitoshi. Msisahau kuvukisha: gunia la kilo 50 linalotoka Mokowe, upande wa bara, lina ujira wa hamali wa gati, wa mashua, na wa hamali au punda upande wa pili. Ikiwa yote ni 150, ni shilingi 3 kwa kila kilo, na mara nyingi haiandikwi popote.

Yanayoharibu: daftari la mkopo, kwanza. Uzeni kwa tiketi za kulipia mapema, kitabu cha sahani 20, na kijana aliyekwama apewe tiketi na mfuko wa basari, ilipwe kwa kantini kama mteja mwingine. Hapo huruma inaonekana kwenye vitabu. Pili, chakula cha watumishi kisichohesabiwa. Watu 5 wakila mara mbili kwa siku ni sahani 10. Tatu, samaki. Umeme ukikatika kwa muda wa saa 6 na jokofu likifunguliwafunguliwa, hasara imeshaingia. Nunueni samaki wa siku hiyo, jokofu liwe la akiba ndogo tu. Nne, Ramadhani. Mchana jiko linalala, wateja wanakuja futari na daku, zamu za wapishi zinageuka, na tende, uji, mahamri na kaimati vinaingia kwenye orodha. Bajeti ya mwezi huo ifanywe peke yake.

---

MtuWaLangoni aliandika:

Mungu awalipe kheri. Nimeyachapa yote, nayapeleka kwenye kikao. Yamebaki mawili. Baadhi ya wachangaji wamesema fedha yao ni zaka, na mmoja anataka kutoa duka lake la Mkomani liwe wakfu wa basari. Tuvipokee vipi? Na pili, basari tuilipe mkononi kwa mwanafunzi au chuoni?

---

Maalim_Siyu alijibu:

Kijana wangu, zaka ina wenyewe. Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane, na ndani yake hamna jiko la kantini wala rangi ya ukuta. Wekeni akaunti ya nne, ya zaka peke yake. Mnayemlipia kutoka humo muwe mmethibitisha kwamba ni fakiri, maskini au mwenye deni, na muandike sababu. Wanazuoni walio wengi husema zaka ni ya Waislamu, na kampasi ni ya watu wote. Kwa hiyo mfuko wa basari wa jumla ujengwe kwa sadaka na michango mingine, ili mwanafunzi Mkristo kutoka Mpeketoni apate haki sawa na wa Pate. Kila mchangaji aulizwe siku ile ile: hii ni zaka au sadaka? Risiti iwe na kisanduku cha kutia alama. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka.

Duka ni jambo kubwa na la kheri, lakini lisipokewe kwa mdomo. Asili ya wakfu ni kwamba mali hubaki, linalotumika ni pato lake: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mtoaji awe hai, na akili timamu, na mali iwe yake kweli kweli. Tazameni hati kwanza, kwani mali nyingi za mji wa kale zimekaa vizazi vitatu bila kugawanywa, na anayejiona mwenyewe huwa na dada na shangazi wenye mafungu yao. Andikeni hati ya wakfu mbele ya Kadhi na mashahidi, itaje msimamizi ni nani na akifa ni nani, itaje kazi ya pato, na itaje kwamba kampasi ikifungwa pato liende kwa wanafunzi wa Lamu popote wanaposoma. Maneno haya ya mwisho msiyasahau. Kisha muisajili kwa Tume ya Wakfu, chini ya sheria yake ya 2022.

Pato la duka lisitumike lote. Toeni kwanza la matengenezo. Fungu moja katika matano ningeliona la busara kwa majengo yetu yanayoliwa na chumvi. Duka lililoachwa bila kuezekwa upya huanguka, na basari huanguka nalo. Kuhusu fedha taslimu mnazotaka ziwekwe zizae, wachangaji wengi hapa hawatakubali riba, basi fungueni akaunti katika benki inayofuata sharia. Zipo Kenya tangu 2008. Mkienda na hati fungani za serikali, waulizeni kwanza waliotoa.

---

KaraniMstaafu alijibu:

La basari nitalijibu mimi. Lipeni chuoni, siyo mkononi, kwenye akaunti ya karo, mkitaja nambari ya usajili ya mwanafunzi. Kwa wanafunzi wengi tumeni malipo moja na orodha iliyotiwa sahihi, na siku hiyo hiyo orodha ifike ofisi ya fedha. Fedha iliyofika bila orodha hukaa kwenye akaunti ya mpito huku mwanafunzi akizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Kamati ikae mapema, wiki 6 kabla ya mitihani. Wiki moja ya kupokea fomu, moja ya kuzihakiki na wazee wa mtaa au wa kisiwa, moja ya uamuzi, moja ya benki, na mbili za kurekebisha makosa ya nambari na majina. Makosa yatakuwepo, Mohamed Ali wa kwetu ni wengi, kwa hiyo nambari ndiyo ya kutegemea, si jina.

Kubalianeni na chuo kwa maandishi juu ya salio la ziada. Mkimlipia mwanafunzi 20,000 kisha mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) au basari ya kaunti ukaingia, akaunti yake inazidi, na chuo kinaweza kumrudishia yeye. Andikeni kwamba ziada inayotokana na fedha yenu inarudi kwenye mfuko, au inasogezwa muhula ujao kwa mwanafunzi yule yule. La pili ni jepesi kwa ofisi ya fedha, hata nyinyi lingewafaa.

Mjumbe ambaye mtoto au ndugu yake ameomba atoke chumbani wakati wa kujadili, na muhtasari useme alitoka saa ngapi na alirudi saa ngapi. Fomu zina habari za mapato ya watu, ugonjwa na mirathi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Zifungiwe kabatini, na kwenye ubao wa kampasi bandikeni jumla ya fedha na idadi ya waliosaidiwa kwa kila kisiwa, bila majina.